Mafuta ya Fre

Zihindula alichovya kidole kikoponi,
akakipeleka mlangoni penye mwanga:
weusi wa chai iliyolala jikoni siku mbili.
"Haya yalikuwa na rangi ya asali," akasema.
"Mwalimu, unatembezaka maji."

Nami nafundisha kemia, darasa la tano.
Kila mwaka naandika ubaoni, kwa chaki ya rangi,
kwamba ziko dutu zenye kiu,
hunyonya unyevu wa hewa kifuniko kikisinzia kidogo tu,
na miaka yote hiyo somo lilikuwa limeegeshwa uani kwangu
chini ya turubai, juu ya magurudumu manne.

Pejo mia nne na nne, ya mwaka sitini na saba.
Marehemu baba aliishusha na kuipandisha Ngomo
akitoa sukari Kiliba, jabali huku, shimo huku,
na kabla ya kila kona alikanyaga mara tatu, taratibu,
kama mtu abishaye hodi kwa mkwe.
Nilidhani ni adabu.
Kumbe mafuta yalikuwa yanachemka;
na mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei,
na mguu wake ulikuwa unatafuta kitu kigumu cha kukanyaga.

Dukani kwa Nsimire, Kadutu, nikapangiwa chupa.
Ya kwanza bei ya maandazi, kizibo kimelegea:
nikaitikisa, nikaisikia faneli iliyoijaza jana.
Ya pili kijani. "Hiyo ya Sitroeni," fundi akanong'ona,
"raba zako zitavimba kama miguu ya mjamzito."
Ya tatu zambarau, silikoni, imepanda ndege toka Dubai;
Nsimire aliishika kwa mikono miwili.
"Hii hainywi maji hata tone. Wala haibabui rangi ya gari."
Nikaitamani. Nani hatamani kitu kisichokunywa?

Zihindula akaniacha nihesabu noti, ndipo akauliza:
"Na maji yakiingia? Bukavu hii, mvua miezi tisa,
yataingia tu. Yasiponywewa, yatakwenda wapi?"
Jibu nilikuwa nalo. Yatashuka.
Yatakaa chini peke yake, kwenye kisilinda cha gurudumu,
yakitafuna chuma kimyakimya,
na siku ya mteremko ndiyo yatakayochemka kwanza.

Nikachukua ya nne. DOT 4, kopo la bati,
muhuri mzima, bei ya katikati,
mafuta yanayokiri mapema kwamba yatachoka
na kuomba yabadilishwe kila Agosti, kabla ya mvua.

Jioni tukayatoa machafu, yeye chini, mimi usukani.
"Kanyaga."
Nikakanyaga.
"Shikilia."
"Achia."
"Kanyaga."
Mapovu yakapanda ndani ya chupa ya jemu,
pumzi za Ngomo, labda, za miaka ile,
gurudumu la mbali kwanza, la karibu mwisho,
hadi pedali ikasimama juu, ngumu, kama neno hapana.

Asubuhi nikateremka kuelekea Nyawera.
Mama mwenye beseni la sambaza akakatiza njia
bila kugeuza shingo. Nikakanyaga mara moja.
Hakujua kitu. Hata samaki hawakutikisika.
Fre nzuri haina shahidi.

Kopo lilibaki nusu.
"Tupa," fundi alisema, "likishafunguliwa limeshaanza kunywa."
Sikutupa. Nimelimimina kwenye bilauri, darasani,
juu ya mizani, kando ya dirisha.
Ijumaa tulisoma gramu mia mbili.
Jumatatu, mia mbili na tatu.
"Nani ameongeza?" akauliza Cibalonza,
macho yake kwa wavulana wa dawati la nyuma.
Nikafungua dirisha.
Nje ilikuwa inanyesha.